Kanda ya Bibi Nimeifunga

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Kitangari, na lile goti limekupa nafuu. Korosho mmeziwahi, au mvua imewatangulia? Mimi huku Ujerumani nipo, namshukuru Mungu, ila nimechoka. Baridi imeingia hadi mifupani na kazi haiishi.

Uliniuliza kwenye simu, mtu asome miaka yote hiyo ili akapange vitabu? Siku hizi hata si vitabu. Maktaba yetu ina kanda za zamani walizorekodi wageni huko kwetu, na sasa zote zinawekwa kwenye mtandao, kila mtu asikilize bila kumwomba yeyote. Kazi yangu ni kuandika nani anaimba, wapi, na anaimba nini. Nisipoandika vizuri, kanda itakuwa wazi na bado hakuna atakayeipata. Nikiandika vizuri, hata kaka Rashidi akisubiri abiria na bodaboda yake pale Masasi ataipata kwenye simu.

Juzi nilifungua moja iliyoandikwa "Newala, wanawake, nyimbo", basi. Mama, alikuwa Bibi, mama yako. Sauti ile ile, anakemea kwanza ndipo anaimba. Nililia pale pale mezani. Halafu nikatambua ni nyimbo za unyago, zile za ndani tulizoapishwa tusizitoe. Nadhani aliyerekodi ni yule mgeni wa kike uliyenisimulia habari zake. Nikazima haraka, maana ninayekaa naye ofisini ni mwanamume. Hajui hata neno moja la Chimakonde, lakini aibu niliyoona siwezi kukueleza.

Bosi wangu ni mama mwema. Nilipomwomba tuifunge, isisikilizwe mtandaoni, alinipa fomu akasema, "Elimu ni ya wote. Andika sababu." Ile fomu nilikaa nayo siku tatu. Nikieleza nyimbo zinafundisha nini, nimezitoa mwenyewe. Nisipoeleza, haifungwi. Mwishowe nikaandika: "Hizi husikilizwa na aliyechezwa unyago. Anayezitaka aende Kitangari akachezwe kwanza." Alicheka, akasoma tena, akatia sahihi.

Lakini sheria yao ni moja. Kanda ikifungwa imefungwa kwa wote, haitoki nakala hata kwa ndugu. Kwa hiyo hutamsikia, Mama, na mimi sitamsikia tena. Sikukuuliza kwanza kwa sababu nilijua ungetaka kumsikia, na mimi nisingeweza kukukatalia.

Nisalimie Baba Mdogo wa Chilangala, na jirani yetu Mama Zuhura. Rashidi mwambie apunguze mwendo.

Kuna jambo nilitaka kukuficha, nimeshindwa. Kabla ya nyimbo kuanza, Bibi anaita, "Fatu, lete maji," nawe unaitika kutoka nje, kwa sauti ya mtoto. Hiyo nayo imefungwa humo. Nisamehe.

Mwanao,
Mwanahamisi