Lenzi ya Mbali na Karibu

Cheyo, Tabora
12 Machi 1975

Kwa mume wangu Abasi,

Pokea salamu za nyumbani. Mvua imeharibu karanga za mama, lakini mahindi yamesimama vizuri.

Kuhusu lenzi uliyoomba ushauri juu yake, nilikwenda Kanyenye kwa Mzee Omari mpiga picha, nikamwonyesha zile picha tatu ulizopiga kuijaribu ulipoiazima.

"Mwambie achukue hii hii ya bei nafuu, inayovuta mbali na karibu," alisema. "Akimaliza mafunzo huko Dar akarudi kupiga harusi na mikutano ya vijiji vya ujamaa, hatahangaika kubadilisha lenzi. Ila ndani ya nyumba itampa giza, atafute taa."

Kisha akaishika ile picha ya msichana anayecheka, akauliza ni nani. Nikamjibu kama ulivyoniandikia, kwamba humjui, ulimvuta kwa lenzi kutoka ng'ambo ya barabara. Mzee akanirudishia picha.

Nyumbani niliitazama tena mlangoni, penye mwanga. Khanga aliyojitanda msichana huyo ina kiraka pembeni. Kiraka hicho nilikishona mimi wiki uliyosafiri, nikaikunja khanga sandukuni mwako uwe unajifunika.

Nimelia siku mbili, Abasi, na sasa nimenyamaza. Lenzi ni nzuri, inunue, maana imeonyesha hata nyuzi. Mimi nakuja Dar es Salaam na treni ya tarehe 27. Njoo stesheni peke yako, na khanga yangu uje nayo.

Mkeo bado,
Mwanamkuu