Jiko Libaki Nje

Jumatatu, 2 Julai 1973. Same.

Rogathe wangu,

Leo wamenikabidhi gari jipya. Jipya kwetu sisi — Wazungu waliokuwa wakichunguza ndege wa msitu wa Shengena wamelitumia mpaka wakalichoka, wakaliachia wilaya. Ni gari, lakini ni nyumba! Vitanda vya kukunja, meza, kabati, jiko la gesi na mtungi wake, taa za betri. Hata mapazia. Ungecheka. Ungeuliza kuku watalala wapi.

Watoto wa sokoni wameshalipa jina: Konokono.

Tutazunguka nalo milimani kuchanja watoto. Mimi dereva, Honorata nesi, na Fanueli, bwana afya, kijana mwema ila ana haraka. Ameona matundu sakafuni chini ya mtungi, akataka kuyaziba kwa matambara, eti vumbi la Same litatumaliza. Nikamwambia hapana. Gesi hii ikivuja haipandi kama moshi, inashuka kama maji. Matundu ndiyo mlango wake wa kutokea. Amekubali, huku anajikoholesha kwa makusudi.

Halafu nikakoroga sabuni, nikapaka kwenye maungio ya mpira wa gesi. Honorata akapita: "Baba Ernesta, kumbe mtungi nao unaogeshwa?" Nikamwita aone — povu linavimba mahali pamoja, polepole, kama koo la chura. Panavuja! Nimekata ncha ya mpira, nimekaza upya, nimepaka tena. Povu kimya. Honorata kapiga makofi.

Nimefurahi kama mtoto. Na nyumbani hakuna wa kumsimulia, ndiyo maana nakuandikia.

Jumanne, 3 Julai. Same.

Harufu ya plastiki inayoungua. Nimefungua kisanduku cha fyuzi — mahali pa fyuzi pana karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara! Fanueli anasema alikuta fyuzi imekatika, naye alitaka taarifa ya habari. Redio ilisikika vizuri sana, anasema.

Nikamweleza taratibu. Fyuzi hukatika ili gari lisiungue. Ukiidanganya kwa karatasi ile, kitakachoungua ni waya, na sisi tumelala juu yake. Hakubisha. Jioni karudi na fyuzi mpya na ndoo ya mchanga, kaiweka mlangoni mwenyewe. Kijana mwema, nilisema.

Alhamisi, 5 Julai. Chome.

Jana kutwa kupanda. Mkonge wa Makanya ukabaki chini, joto likabaki chini, Konokono anapumua kama ng'ombe aliyevimbiwa. Huku ni ukungu mtupu. Unaingia kwenye mikono ya sweta. Nimekumbuka ulivyokuwa ukinishika mashavu kwa mikono yako ya baridi asubuhi ili niamke. Mchokozi wewe.

Leo watoto wengi, lakini kina mama wameahidi kuwaleta wengi zaidi kesho, wale wa vitongoji vya juu. Surua imeshaonekana huko. Honorata ana wasiwasi: dawa hazikai milele kwenye sanduku la barafu, na barafu inayeyuka.

Saa ya jioni — balaa. Walikuja kina mama wakiongozwa na Mama Eliakunda, mjane, mzee wa kanisa, mtu wa kusikilizwa hapa. Wamebeba jiko limejaa makaa mekundu. Huku mgeni haachwi na baridi. Kumpelekea makaa ni heshima kubwa kuliko chakula. Honorata, maskini, anatetemeka, akalipokea kwa mikono miwili. Alishalifikisha ngazini.

Nikasimama mlangoni. Nikasema jiko haliingii humu.

Mama Eliakunda akaniuliza kwa upole kama nimeona moshi. Nikasema hapana, shikamoo mama, sijaona. "Basi? Yamewiva hayo. Moshi nimeumaliza nyumbani kwangu, macho yangu ndiyo yamelia. Unaogopa nini?" Mwingine nyuma akasema labda dereva anaogopa makaa ya Wapare yana dawa. Wakacheka, lakini si kicheko kizuri. Mimi mwenyewe Mpare!

Nikalichukua jiko, nikaliweka chini kwenye nyasi. Mama Eliakunda akalitazama, akaliinua, akaondoka nalo. Bila kwaheri.

Ijumaa, 6 Julai. Chome.

Hakuja mtu.

Honorata kapanga sindano, kaketi. Ukungu unapita. Watoto tunawasikia ng'ambo ya migomba, hawaletwi. Fanueli kazunguka nyumba chache, karudi kakunja uso: wanasema wageni wanaokataa makaa yao wasiguse watoto wao. Kaniambia, "Baba Ernesta, si ungelipokea tu, ukalimwaga nyuma?" Honorata kapima barafu kwa kidole. Imebaki ya kesho tu, tena ya kubahatisha.

Rogathe, nimefanya jambo ambalo sijalifanya tangu tukuzike. Nimekwenda kwa Mama Eliakunda nikamweleza habari zako.

Alikuwa anachambua maharage. Hakunikaribisha kiti, nikakaa kwenye kinu. Nikamwambia: nilikuwa na mke, kule Mamba. Tulijenga nyumba bora, bati na madirisha ya vioo. Ile ya nyasi ya mama yangu ilikuwa inapumua. Hii tuliiziba vizuri kila upande, tukajisifu. Alishikwa na homa, mimi nikiwa safari ya Tanga. Akangoja mkaa uwive, kwa sababu alikuwa mwangalifu, hakutaka moshi. Akauingiza chumbani, akafunga mlango. Alikutwa amelala vizuri, shuka hadi shingoni. Watu wakasema amerogwa. Daktari akasema ni hewa ya mkaa: haina rangi, haina harufu, na huendelea kutoka hata moshi ukishaisha. Na gari lile, mama, ni nyumba ya bati yenye vioo.

Akaacha kuchambua. Halafu akasema, kama anajisemea, "Na sisi tunawafundisha mabinti: mkaa ukishakuwa mwekundu ni mtoto mwema, lala naye."

Akaniuliza jina lako. Nikamtajia. Akalirudia: Rogathe. Ni mara ya kwanza kulisikia kwenye kinywa cha mtu mwingine tangu mazishi. Nililia kidogo. Akanipa kiti.

Akasema ila mgeni kulala na baridi haiwezekani, watu wa Suji, kijiji jirani, watawacheka wenyeji wa Chome. Nikasema mimi sijui la kufanya. "Nyamaza basi nifikiri," akasema.

Jumamosi, 7 Julai. Saba Saba! Chome.

Siku gani hii!

Mapema nimesikia sauti, nikadhani ni gwaride la sherehe. Ni kina mama! Wa hapa na wa vitongoji vya juu, watoto migongoni, Mama Eliakunda mbele na jiko kichwani. Akalitua mbali na gari, akaita kwa nguvu: "Jiko libaki nje, wageni watoke nje!" Tukatoka. Tukaota moto wote, wenyeji na wageni, mstari wa sindano ukiuzunguka. Mtoto akichomwa analia, akipashwa mikono ananyamaza.

Mchana kawasimulia wenzake habari ya nyumba ya Mamba. Hakunitaja, alisema "mama mmoja wa kwetu". Fanueli akasimama akaongeza, vizuri sana: mlango, dirisha, jiko nje, na mtu akikutwa amelegea atolewe kwanza kwenye hewa, maswali baadaye. Akakiri kwangu pembeni kwamba chuoni aliisoma hewa hiyo, akadhani ni ugonjwa wa Ulaya.

Yule mama wa mzaha wa juzi akauliza, sasa usiku tulale na nini? Mama Eliakunda alikuwa anangoja swali hilo! Akachokoa motoni mawe makavu ya mlimani, akayaacha yapoe mpaka mkono uvumilie, akayafunga kwenye gunia, akamkabidhi Honorata. "Mchukue huyu akulalie miguuni. Hakoromi." Kicheko kile — kizuri safari hii.

Dawa zimekwisha kabla ya watoto, lakini wachache tu wamebaki, nao watafuatwa. Honorata kaimba akiosha vyombo. Fanueli kaniita baba, bila Ernesta. Mimi nimekula makande sahani mbili. Nimelala na mawe ya moto miguuni, vidirisha wazi, kama mfalme.

Jumapili, 8 Julai. Chome, asubuhi.

Naandika haraka, daftari juu ya usukani.

Mama Eliakunda alikuwa anakwenda kanisani. Akapita nyumba ya Lukia, binti mmoja wa hapa aliyeolewa mwaka jana, nyumba mpya, bati. Jana hakuja kwenye mkutano, mtoto alikuwa na kikohozi. Mama akaona mlango umefungwa, na jiko halipo nje. Anasema siku nyingine angepita zake. Leo aliita mara moja tu, kisha akavunja dirisha kwa kitabu chake cha nyimbo na kiwiko! Kiwiko kinavuja damu, hataki kifungwe.

Wamewatoa wote wawili nje, wakawalaza kwenye nyasi. Mtoto amelia. Rogathe, analia kwa nguvu, mpaka hapa namsikia! Lukia anapumua, ila hajafumbua macho. Honorata yuko naye, anamwita jina. Hospitali ni mbali na njia ina utelezi. Fanueli ameshakunja vitanda viwili kupisha machela, kafungua kila dirisha na mlango wa nyuma.

Injini inaunguruma. Nawaona wanateremka na machela kwenye migomba, Mama Eliakunda ameshika mpini wa mbele. Mkono wa Lukia unaning'inia pembeni — sijui kama nimeona vidole vikijikunja au ni mtikiso wa njia.

Wamefika. Naendesha.

Nikumbuke, Rogathe.