Maina Yupi

Jumatatu, 2 Juni 1975

Barua ya profesa wa Bwana Kornelio imefika kwa basi la Musoma. Ameisoma amesimama, kisha akanieleza polepole, kama mtu anayeleta habari za msiba.

Bwana Kornelio anasomea udaktari wa historia – si wa sindano, nimewaeleza watu wa kijiji chetu cha Nyarero mpaka nimechoka. Anatafuta habari za miaka mia mbili, mia tatu nyuma. Lakini wazee wote ninaomtafsiria wanasema tulihamia hapa wakati wa rika la Maina, na yeye amepiga hesabu: Maina ni miaka mia moja tu. Profesa anasema haitoshi. Abadili somo, arudi Dar. Jumamosi anapanda basi.

Kazi hii ya ukalimani naipenda kuliko yote tangu nimalize darasa la saba.

Jumatano, 4 Juni

Asubuhi shamba la kijiji, kuvuna mtama. Jioni mama mkwe alikuwa anamwogesha Wangwe wangu, mtoto analia, bibi anamtania: Nyamaza wewe Maina, babu wa babu yako alikuwa Maina vilevile, hakuogopa maji.

Nikabaki na kanga mkononi.

Kwetu mtu anazaliwa na rika lake, si lile la jando. Baba rika hili, mwana linalofuata, na vizazi vinne vikipita jina linarudi. Maina si wakati mmoja. Hata huyu mwenye povu masikioni ni Maina.

Miezi saba sijamwambia Bwana Kornelio. Nilidhani anajua. Nani hajui? Mtu wa Songea kama yeye hajui. Kosa langu.

Alhamisi, 5 Juni

Nimemwambia.

Akasema rudia, Mama Wangwe. Nikarudia. Akachora duara kwenye karatasi. Halafu: Miezi saba? Nikasema ndiyo. Akasema, na mimi sikuuliza.

Lakini ni Maina yupi? Akiwa wa karibuni, Bwana Kornelio amekwisha. Akiwa wa nyuma yake, ni zaidi ya miaka mia mbili, profesa atakubali. Anayeweza kuhesabu baba zake mpaka huko ni Mzee Heche peke yake – na tangu Operesheni ya vijiji imhamishe mwaka jana hataki kumwona mtu mwenye karatasi.

Nitakwenda na Wangwe. Kwa rika, yeye na Mzee ni babu na mjukuu, wanataniana. Hawezi kumfukuza.

Ijumaa, 6 Juni

Naandika hapa hapa, uani kwa Mzee Heche.

Tumempa shikamoo. Marahaba, akasema, huyo bwana karatasi zake aziache mlangoni. Nikamweka Wangwe mapajani kwake: mjukuu wako Maina amekuja kukuuliza.

"Maina gani hana jino hata moja? Atakula nini kwangu?" Akacheka. "Haya, na aulize. Mama yake aandike. Yule wa Dar asikilize."

Basi naandika kwenye daftari langu hili. Anahesabu kwa vidole vya Wangwe. Nyamhanga, baba yake Mzee. Matiko, babu yake – huyo Maina.

Bwana Kornelio amefumba macho.

Nimeuliza: ndiye aliyehamia?

Mzee ananitazama kama nimemtukana.

"Matiko kazaliwa hapa. Wewe mwanamke, una haraka. Andika."

Basi si Maina huyu, ni wa nyuma. Ameshika kidole cha tatu –