Bibi Anataka Kupanda Ndege Aje El Alto Kumuaga Babu

Mpendwa mshauri Casilda, naomba msaada, na kabla hujanisoma redioni jua kwamba mtaani kwetu El Alto, huku juu milimani, hakuna anayenizidi mambo ya ndege, nabeba mizigo pale uwanjani, marubani wananisalimia, yaani mmoja, basi bibi yangu Nemesia alihamia Santa Cruz, kule tambarare kwenye joto, kwa sababu ana presha ya mapafu, daktari akamkataza kurudi huku juu bila kupimwa kwanza, sasa Siku ya Wafu inakaribia na ni mwaka wa tatu tangu babu afariki, tukishamtandikia meza ya vyakula mara hii roho yake inaondoka moja kwa moja, bibi akanipigia, "Edson, bingwa wa ndege, nitafika, au mtatutandikia meza moja mimi na babu yako?" nikacheka, nikamwambia, "Bibi, hewa ya ndani ya ndege ni nzito kuliko ya hapa nyumbani, na wewe umezaliwa huku, panda tu, daktari wa kule anajua nini?" akasema, "Ndiyo maana nakupenda, mwongo wangu," akakata tiketi, daktari hakuambiwa, jana kanipigia tena anahema katikati ya jina langu, nikasingizia mtandao nikakata simu, na tangu hapo sijamtania mtu, nikimzuia namnyima kumuaga mumewe, nikinyamaza je?
Edson Callisaya

Edson, pole mwanangu, lakini una mdomo! Hewa ya ndani ya ndege umeisema kweli, na hilo ndilo linaniudhi: umetumia nusu ya ukweli kumdanganya mgonjwa. Hewa hiyo bado ni nyembamba kuliko ya Santa Cruz. Halafu mlango ukifunguliwa je? Wenzake watakuwa wamemaliza safari; yeye kifua chake ndiyo kwanza kinaianza, huko kwenu juu. Na kuzaliwa huko si kinga. Pengine ndiko kulikomuumiza.

Anahema akiongea? Aonwe na daktari leo, asingoje sikukuu. Mpigie sasa hivi, useme, "Bibi, nilijifanya najua." Daktari akiruhusu, shirika la ndege liarifiwe mapema kuhusu oksijeni, na nyingine imsubiri akitua na pale nyumbani. Daktari akikataa, kakataa, usimbembeleze.

Hapo meza itatandikwa Santa Cruz. Wewe ndiye utateremka, na mikate ya sura ya babu ya kuweka mezani umeipakata isivunjike. Babu yako hakuwahi kushindwa kumtafuta mke wake. Atamkuta huko huko, akiwa hai.