Miayo Arobaini na Mmoja

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla sijamkosea mtu mwema, na nakuomba usicheke, maana dada yangu ameshacheka kwa niaba ya ukoo mzima.

Nina miaka ishirini na sita, nafanya kazi katika maabara ya hospitali, kutwa jicho langu liko kwenye hadubini, na nina mchumba ambaye ni fundi wa friji, mpole, mcheshi, na Jumamosi ya wiki ijayo wazee wake wanakuja nyumbani kuniposa. Mambo yalikuwa shwari mpaka mwezi uliopita, niliposoma gazetini, ule ukurasa wa vioja vya dunia, kwamba kuna wataalamu wanaosema mwayo huambukiza zaidi kati ya wapendanao kuliko kati ya watu wasiojuana. Niliguna tu nikageuza ukurasa. Lakini jioni ile mchumba wangu alikuja kwetu amechoka, akakaa kwenye kiti kinachotazamana na changu, akapiga mwayo mkubwa mpaka nikaliona jino lake lililozibwa, na mimi, mshauri, sikusikia kitu. Nikangoja. Sikusikia kitu kabisa.

Tangu siku hiyo nina daftari. Kazi yangu ni vipimo na siwezi kuamini jambo ambalo sijalipima, kwa hiyo kila akipiga mwayo naandika saa, mahali alipokaa, na kama nimefuata au la, na hadi leo ni miayo arobaini na mmoja na sijafuata hata mmoja. Wakati huohuo, mwayo wa mlinzi wa getini kazini umenipata mara nne bila kutaka, wa mhasibu mara mbili, na huyo simpendi hata kidogo, na juzi kwenye foleni ya benki nilijikuta nimefuata wa mbwa aliyelala mlangoni. Je, moyo wangu uko kwa mlinzi? Ana wajukuu tisa!

Nilimuuliza mama kama aliwahi kuambukizwa miayo na baba. Akasema, "Mimi baba yako aliniambukiza mafua, tena wiki ya harusi. Hebu inua miguu nifagie."

Linaloniumiza zaidi ni kwamba wiki hii miayo yake imepungua. Jumatatu mitano, Jumatano miwili, jana hakuna. Anakuja anabana taya kama mwenye jino bovu, anaomba kahawa, anaomba kikombe cha pili, halafu anaaga mapema. Jana akiwa mlangoni akaniuliza, "Hivi huwa unaandika nini?" Nikasema, "Mambo ya kazi." Akasema, "Haya, Mama Vipimo," lakini hakutabasamu. Nahisi hata mwili wake umeshajua kwamba simpendi. Nampenda, mshauri, au nilidhani nampenda, ila sasa sina ushahidi. Nimwambie wazee wasije?

Ni mimi, Nisiyeambukizwa.

*

Nisiyeambukizwa, mwanangu,

Barua yako imenipigisha miayo sita, na wa saba nimeumeza nikiandika mstari huu. Mwenzangu wa meza ya jirani amepata mitatu bila hata kuisoma. Sikujui, yeye hakujui, na hakuna kati yetu anayekuja kukuposa.

Nimecheka pia, nisamehe. Sasa ngoja nikukaripie. Mwayo wa mlinzi ulikupata ukiwa unapita na mawazo yako mengine. Wa mchumba wako unausubiri na kalamu mkononi, umemkodolea macho kooni kama daktari wa meno. Nani aliwahi kupata usingizi huku akijichungulia kuona kama amelala? Msomi mzima, kazini ungekubali kipimo cha namna hiyo?

Lakini miayo ni jambo dogo. Rudia kusoma ulichoandika kuhusu jana. Mwili wake haujajua lolote. Kijana wa watu anashinda akibeba friji, jioni anakuja kukaa mbele yako, na kila uchovu ukimponyoka unatazama saa na kuandika. Unafikiri yeye anadhani unahesabu nini? Anadhani unahesabu ni mara ngapi unamchosha, na kwamba hesabu hiyo itasomwa mbele ya wazee wake. Ndiyo maana anabana taya na kunywa kahawa asiyoitaka. Mtu anameza miayo yake kwa ajili yako, nawe unanililia kuhusu ushahidi!

Na wewe je? Uliona kwamba hakutabasamu. Hilo hukulipima wala kuliandikia saa, lilikuuma tu. Ushahidi wako ndio huo.

Basi leo, si kesho, mpe daftari. Alisome mwenyewe kuanzia ukurasa wa kwanza, pamoja na mlinzi na mbwa. Akicheka, vizuri. Akikasirika, mwombe radhi na ukae palepale mpaka acheke. Hamisha kiti chako kiwe ubavuni mwake, msitazamane kama mteja na karani. Kahawa ya jioni ife.

Wazee waje. Watakuwa wamesafiri tangu asubuhi, watakuwa wameshiba, na katikati ya mazungumzo marefu mmoja wao atapiga mwayo. Chumba kizima kitafuata, na mchumba wako, na wewe, na hakuna atakayeuliza umeupata kwa nani. Hapo, tafadhali, usitafute kalamu.