Kijiti cha Mama-Mukwe

Juma Tatu, tarehe 2 mwezi wa sita

Asubuhi tena barabarani, vumbi mpaka ndani ya meno. Mimi ni mutu wa bahati, sijui Mungu aliniona wapi. Zaina, bibi niliyemuoa, ameenda kupumzika kwa mama yake, ruhusa nilimupa mwenyewe, na nyumba yote imebaki yangu. Nalala katikati ya kitanda kama gavana. Madereva wenzangu wa piki pale sokoni wanalala pembeni, wanasukumwa na magoti ya watoto. Wananionea wivu.

Sasa niko mu klabu ya kukimbia ya sale yetu, pale pa kunyanyua vyuma. Sale yenyewe ni nyumba ya mabati. Vyuma vyake ni akseli za kamyo na simenti iliyokaukia mu ndoo. Nimeona sale za Bukavu, nimeona za Bujumbura, ziko na vioo kila ukuta. Yetu haina kioo. Afadhali. Wengine wangeacha mazoezi wakijiona.

Kochi Dieudo anasema nakimbia vizuri. Kweli hakusema. Lakini aliniangalia sana.

Juma Tano, tarehe 4

Mama-mukwe hakuniangalia leo tena. Mama wa Zaina. Anauza muchele sokoni. Munganga wa hospitali alimuambia damu yake iko juu, atembee kidogo. Yeye akaamua kukimbia na klabu hii. Anafunga kitenge juu ya suruali na anatuacha wote.

Mimi nakaa mwisho wa kundi. Akigeuza kurudi, naingia mu majani mpaka apite. Kwetu Kabambare nimelelewa vile: mwanaume hamuangalii mama-mukwe usoni, hamushiki mukono, hali chakula naye. Yeye akiwa na neno, anatuma mutu alilete. Hapa Kasongo pia wakubwa wanafuata hivyo.

Amisi, rafiki yangu wa kituo cha piki, aliniuliza kama nimekuja kukimbia ama kujificha. Nilimuambia yote mbili ni michezo.

Ijumaa, tarehe 6

Niandike ukweli kidogo, hakuna mutu anasoma hapa. Niliingia klabu kwa ajili yake. Zaina hatarudi kama mama yake hajamuambia arudi. Na mama yake nitamufikia namna gani? Baba-mukwe alikufa. Mutu wa kunisemea sina. Nilitaka tu anione. Naamka mapema, sinuki pombe, napumua. Labda nyumbani atamutupia Zaina neno moja.

Naogopa. Basi.

Juma Tatu, tarehe 9

Balaa.

Kochi ametangaza mbio za kupokezana kijiti. Sisi, klabu ya Kabambare na klabu ya Salamabila. Watu wane kila kundi. Alipiga kura ya nafasi mu kofia yake. Wa tatu, mama-mukwe. Wa ine, wa kumaliza, mimi. Maana yake yeye ndiye ataniletea kijiti mukononi.

Watu walicheka mpaka mumoja akakaa chini. Mama-mukwe hakucheka. Aliangalia mabati.

Niliomba nibadilishwe. Kochi alisema kura ni kura. Nikamuomba aweke kijiti chini, mimi niokote. Alisema watatufukuza mu mbio. Nikasema basi tumuweke Amisi katikati, apokee kwake, anipe mimi.

"Hapo mutakuwa watano," kochi alisema. "Najua shule uliiachia njiani, lakini hesabu hiyo ulifika."

Sikula mangaribi. Muhogo ulipoa mu sahani.

Juma Tano, tarehe 11

Afadhali kidogo. Kochi alituonyesha kazi. Mwenye kupokea anatoa mugongo, anaangalia mbele, anaanza kukimbia polepole, mukono nyuma, wazi. Haangalii. Nilipiga makofi. Kumbe mutu aliyetunga mbio hizi alikuwa na mama-mukwe! Kutomuangalia ndiyo heshima yenyewe, na kijiti ni kirefu, vidole havigusani.

Lakini iko neno moja. Mwenye kuleta lazima aite: shika. Na mama-mukwe haniiti. Tangu ndoa hajanitolea neno moja mudomoni mwake. Leo alinifikia, nikasikia pumzi yake, kisha kimya. Nikafunga mukono hewani. Kijiti chini. Tukarudia. Chini. Tukarudia tena, akakiweka juu ya jiwe, akaenda kunywa maji.

Ijumaa, tarehe 13

Amisi alipita na piki, bibi yake nyuma na mutoto muchanga. Mutoto ananenepa, mashavu kama mandazi. Nilifurahi kweli. Kisha roho ikaniuma.

Zaina alikasirika kwa ajili ya mutoto huyo. Si kosa lake, maskini. Amisi hakuwa na kitu cha kumulazia bibi yake alipozaa. Nikabeba godoro letu, nikamupelekea. Kabla ya hapo nilikuwa nimegawa sufuria kubwa, na muchele ambao mama yake alitutumia. Mimi siwezi kuona mutu amekosa. Zaina alisema, "Watu wa inje unawapa vitu. Mimi unanipa hadisi." Akafunga nguo zake mu kitenge.

Godoro lingine nilipata upesi. Mimi sikosi.

Juma Nne, tarehe 17

Mama-mukwe ametuma kochi aniambie: hataita, atakohoa. Tukajaribu. Akakohoa, nikashika. Tukarudia, nikashika tena. Klabu yote ilipiga makofi. Nilirudi kituoni nikawaambia wenzangu: Kabambare wachimbe shimo la kuzikia haya yao.

Nilipofika nyumbani nikafikiri. Ni kiangazi. Siku ya mbio piki zitatangulia, vumbi litasimama kama ukuta. Ndani ya vumbi lile nani hakohoi?

Sikumuambia mutu.

Juma Mosi, tarehe 21

Niandike upesi. Mbio zilikuwa leo.

Watu walijaa kando ya barabara. Mama-mukwe alipokea kijiti tukiwa wa tatu. Alimupita mwanaume wa Salamabila na kitenge chake kikipiga kama bendera. Nikamuona kwa mbali, nikageuza mugongo. Nikafungua mukono.

Nyuma yangu mutu akakohoa. Nikaruka. Kumbe ni muzee mwenye baiskeli. Nikarudi kwenye alama. Akakohoa mutu wa Salamabila aliyesimama pembeni yangu. Nikaruka tena. Watu wanacheka, mimi natafuta kikohozi kimoja katikati ya vikohozi vyote. Mama-mukwe ameshafika. Aliona sijui kipi ni chake.

Ndipo akaita. Kwa sauti, mbele ya muji wote.

"Mutoto wangu, shika!"

Mukubwa akikuita, unageuka, unapiga goti, unaitika. Mwili wangu haukuniuliza. Niligeuka. Nikapiga goti. Nikasema, "Naam, mama."

Kijiti kilinigonga kifuani, kikaanguka. Tukainama wote wawili. Vidole vyake vikakaa juu ya vidole vyangu. Tulibaki hivyo, kama watu waliopoteza sindano.

"Kimbia basi," akasema, chini chini.

Nilikimbia kama nafukuzwa na nyuki. Tumekuwa wa tatu. Makundi yalikuwa matatu.

Yenga (Juma Pili), tarehe 22

Sikutoka. Hawasemi mbio, wanasema mukono. Nimemushika mama-mukwe mukono barabarani. Sasa hata njia ndogo niliyokuwa nayo nimeifunga. Zaina atasikia na atacheka, ama hatacheka, na hiyo ni mbaya zaidi.

Kwetu ukimugusa mama-mukwe unapeleka kuku wa kuosha haya. Kuku sina. Nilimupa jirani.

Mangaribi Amisi alikuja na kuku, miguu imefungwa na kamba. Akamuweka mulangoni. Hakusema kitu juu ya godoro. Akasema tu nisimupe mutu mwingine njiani.

Juma Tatu, tarehe 23

Nilitaka kumutuma kochi apeleke kuku. Akaenda kwanza kuuliza, akarudi na neno la mama-mukwe: alete mwenyewe.

Nimefua shati. Nimelifua tena.

Juma Nne, tarehe 24

Nilipeleka.

Zaina alifungua mulango. Amepunguka mwili kidogo. Mama yake alikuwa ndani, nyuma ya pazia, niliona miguu yake na viatu vya kukimbia. Nilishika kuku kwa mikono miwili, nikaangalia chini. Mizaha nilikuwa nimeitayarisha njia nzima, mingine mizuri sana.

"Godoro ulipata?" Zaina aliniuliza.

Nilifungua mudomo nianze hadisi. Nyuma ya pazia mama-mukwe akakohoa. Hapo ndani hakuna vumbi.

"Hapana," nikasema. "Sikupata."

Zaina akapokea kuku. Hakusema atarudi. Hakusema hatarudi. Aliniuliza kama kesho nakimbia. Nikasema ndiyo. Akasema sawa, akafunga mulango polepole.

Nimerudi kwa muguu, piki nikiisukuma. Nimekaa juu ya mukeka, naandika. Kitanda kiko pale, mbao tupu. Bahati ile niliyoandika mwanzo ni uongo. Ruhusa sikumupa. Alinikimbia.