Kadi ya Sauti ya Baba Neema

Jumanne, 4 Machi 1997

Nimefuta vumbi kwenye kompyuta kama kila siku. Nimeiwasha. Wimbo wa Baba Neema unaonekana kwenye kioo, mistari minne ya noti, mmoja kwa kila sauti. Spika kimya. Tangu tumzike Januari, haijatoa mlio.

Kwaya wanautaka wimbo huu kwa Pasaka. Aliwafundisha sauti tatu. Besi bado. Noti za namna hii alizisoma yeye peke yake, wengine wote ni watu wa do-re-mi. Kompyuta isipoimba, besi ya mume wangu imepotea.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepeleka disketi yenye wimbo ofisini kwetu Kinondoni. Kompyuta za pale hazina hata spika. Bi Pili, tunayekaa naye meza moja, akacheka. "Shoga, hizi zetu zinaandika tu, haziimbi!" Nami nikacheka. Mara ya kwanza mwaka huu.

Jumamosi, 8 Machi

Fundi Side wa Tandika amekuja. Ni fundi redio. Amesema wazi kwamba kompyuta hajawahi kufungua, nikampenda kwa hilo. Kadi ya sauti nimemwonyesha mimi, maana Baba Neema aliwahi kunionyesha: ile ndefu, waya wa spika unachomekwa nyuma yake. Akaichomoa, akaigeuzageuza.

"Mama, hii ni redio tu, imenyimwa sanduku."

Akasugua meno ya shaba ya kadi kwa kifutio cha mwanangu Neema mpaka yakang'aa. Akairudisha. Kimya. Spika amezijaribu kwenye redio yake, ni nzima. Tatizo ni kadi.

Jumatano, 12 Machi

Kapasita mbili za kadi, vile vikopo vidogo, zimevimba kama maandazi. Fundi Side ameng'oa nyingine kwenye redio mbovu, akaziunga hapa hapa sebuleni. Harufu ya risasi ya kuungia ikajaa nyumba nzima. Ndiyo harufu ya mume wangu siku za mapumziko, kifua wazi, miwani puani, akiunga nyaya zake. Nikaenda jikoni kulia. Nikarudi na chai.

Bado kimya. Fundi ameudhika kuliko mimi. Chai hakuigusa.

Jumapili, 16 Machi

Baada ya ibada, Mzee Mwakalinga, kiongozi wa kwaya, ameniita pembeni. Wasipoipata besi wiki hii, wataimba wimbo mwingine. Aliongea kwa upole. Nimemchukia mchana kutwa. Jioni chuki imeisha. Yeye afanyeje?

Alhamisi, 20 Machi

Shemeji Yona, mdogo wake marehemu, amefika kutoka Morogoro na mchele. Wakati wa kula nikamweleza habari za kadi. Akaweka kijiko chini.

Akasema siku ya pili ya msiba umeme ulikatika. Uliporudi, kompyuta ikawaka yenyewe na kuanza kupiga wimbo. Kaka yake alikuwa ameiagiza ipige kila inapowaka. Kina mama sebuleni wakaangua kilio. Yona hakujua kuizima. Akapapasa nyuma, akakuta kigurudumu kidogo kando ya tundu la waya, akakizungusha mpaka sauti ikaisha. Msibani hapapigwi muziki.

"Niliogopa usije ukasikia, shemeji."

Nilisikia. Nilikuwa chumbani, kwenye mkeka. Nikadhani akili yangu inaniacha. Sikumwambia mtu mpaka leo.

Tukaenda sebuleni. Akakirudisha kigurudumu kwa kidole gumba. Wimbo ukaja, safi, bila ule mkwaruzo wa zamani. Kapasita za Fundi Side hizo. Mkwaruzo nimeukosa kidogo.

Jumamosi, 22 Machi

Fundi Side alipoambiwa habari ya kigurudumu alishika kichwa. "Nimempasua mgonjwa, kumbe alizibwa mdomo!" Yona akacheka mpaka akakaa chini.

Mabesi wanne wamekuja na Mzee Mwakalinga. Wamesikiliza besi peke yake, mstari kwa mstari, wakiifuata kwa sauti ya chini. Mpaka mstari wa mwisho wa wimbo. Hapo hakuna noti. Sauti tatu zinaendelea, besi tupu. Hakufika hapo.

Mzee akasema anaweza kupajaza, si kazi kubwa. Wote wakanitazama. Nikasema paacheni hivyo hivyo.

Jumapili, 30 Machi. Pasaka

Wameimba. Kwenye mstari wa mwisho mabesi wakafunga midomo, wakasimama wima. Sauti tatu zikamaliza.

Neema akanivuta mkono. "Mama, wamesahau?"

Nikamwambia hapana. Baba aliandika mpaka pale. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuwatazama.

Nimepika mchele wa Yona. Fundi Side na mkewe wamekuja kula nasi, ingawa sikukuu si yao. Walipoondoka nimejilaza kidogo. Nimepata usingizi mzuri.